Blanketi Dirishani

Jumanne, jioni

Mapambio ya majirani bado yananilia kichwani.

Jana daktari wetu alinipima presha, akaguna. "Sista, mwili una saa yake, na saa hiyo inafuata mwanga. Zamu za usiku zimeivuruga. Ukitoka kazini lala gizani, la sivyo presha itazidi kupanda."

Naiogopa presha. Ndiyo iliyomwondoa mama.

Basi leo asubuhi nimetoka zamu ya uuguzi hospitalini, nikatundika blanketi zito dirishani, nikalala. Usingizi ule, jamani!

Nilisahau kwamba hapa Kasulu anayelala jua likiwaka ni mgonjwa, na mgonjwa haachwi peke yake. Jirani yangu Mama Riziki aliliona blanketi, akaita jumuiya nzima ya kanisa. Nyimbo zikaniamsha.

"Pole, Sista! Umeanza kuumwa lini?"

"Siumwi, mama. Nilikuwa nimelala tu."

"Mchana huu? Ndiyo ugonjwa wenyewe huo!"

Wakalishusha blanketi nipate hewa, wakaninywesha uji wa moto, wakapokezana kuniombea kwa sauti kubwa, Bwana anijalie usingizi.

Niliitikia amina kuwashinda wote.

Sasa giza linaingia na maombi yao yamejibiwa: macho hayafunguki. Natafuta viatu vya kazini.