Mlamula Nilioufyeka Nshamba

Jumamosi jioni, nyumbani Rwamishenye, Bukoba. Mvua imekatika, lakini moyo umenichafuka kabisa.

Naandika kwa sababu nimeshindwa kula.

Asubuhi nilikwenda Nshamba kwa shangazi Koku, dada mkubwa wa baba, anayeishi peke yake kwenye kibanja cha babu, shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Nyuma ya nyumba, pembeni ya kahawa, pamegeuka pori, na amelalamikia nyoka mpaka amechoka. Basi nikabeba mashine yangu ya kufyekea, ile ya kisu cha chuma, nikijiona ndiye mwanaume wa ukoo.

Alinipa chai, akaniambia, "Mwanangu, ngoja nitoke kwenye sala ya jumuiya, tupite wote nikuonyeshe." Nikaitikia. Alipopotea tu barabarani, nikawasha. Wingu lilikuwa linajikusanya, nami nilitaka kurudi Bukoba mapema.

Usifikiri nilifanya ovyo. Mimi na usalama! Nilivaa buti, miwani, viziba masikio, mkanda begani. Nilipita kwanza nikiokota mawe, chupa na vipande vya waya, maana kisu kikigonga jiwe, hujui litampata nani. Watoto wa jirani niliwafukuza wakae mbali. Nilikagua kila kitu, ila mwenye kibanja sikumngoja.

Nikafyeka mpaka nikasikia raha. Mabingobingo yanalala, vichaka vinalala. Kumbe shangazi amerudi, ananiita kwa sauti yake yote, na mimi masikio nimeziba. Alipoona sisikii, akanijia kwa nyuma, akanigusa bega.

Niligeuka na mashine.

Niliachia kitufe cha mafuta, lakini kisu kile hakisimami papo hapo, huendelea kuzunguka chenyewe kwanza. Kilipita karibu na goti lake, kikachana kitenge. Kitenge tu, Mungu mkubwa! Nilizima injini, na hofu yote ikanitoka kama hasira.

"Shangazi, una akili kweli? Unamfuata mtu mwenye mashine kwa nyuma? Unataka nikukate miguu, halafu watu niwaambie nini?"

Nilipaza sauti mpaka majirani wakasimama kutazama. Mwanamke aliyenibeba mgongoni, nimemfokea kama mtoto aliyemwaga maziwa.

Shangazi aliinama, akaokota shina la mlamula nililolikata, ule mmea ambao kwetu hupandwa mipakani na makaburini.

"Waitu, wa kwetu," alisema polepole, "hapo uliposimama amelala mwanangu."

Nikaruka pembeni.

Sikuwa najua. Mtoto wa kiume, akanieleza, aliishi wiki chache tu, wakamzika bila saruji wala msalaba. Alama yake ilikuwa mlamula ule. Ndiyo, hakuna aliyewahi kunisimulia, lakini leo palikuwa na mtu aliyetaka kunionyesha kwa mkono wake, na mimi nikaona ananichelewesha.

Alichukua jembe, akachimba, akakichomeka kile kipande karibu na kisiki, akasema kitaota. Nilisimama nimekumbatia mashine kama mjinga. Hata jembe sikumpokea. Badala ya kuomba samahani, nikasingizia mvua, nikaondoka.

Sasa hivi amepiga simu kuuliza kama nimefika salama. Halafu akasema, "Unisamehe mwanangu, leo nilikushtua."

Yeye! Ananiomba msamaha mimi!

Na unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Usijali shangazi, yameisha."

Yameisha kwa nani?

Kesho, kabla hajatoka kwenda misa, nitakuwa mlangoni kwake. Msamaha wa hili hauombwi kwa simu.