Fundi Alirekebisha Nini

Busisi, 2 Juni 1997

Mwanangu Machibya,

Natumaini u mzima huko mjini na kiwanda cha samaki kinakutunza. Sisi tunapumua tu. Mama yako magoti yanamsumbua, anakusalimu. Mwandiko huu ni wa baba yako mdogo Ngosha; vidole vyangu vina ganzi, basi mimi nasema, yeye anaandika.

Mamba amerudi. Mwezi uliopita alimchukua Modesta palepale tunapochota maji, na juzi mtoto wa Pius. Anajificha kwenye magugu maji, na mwaka huu magugu yamejaa hadi ukingoni. Asubuhi wanawake wanasimama mlangoni kwangu na ndoo tupu. Wananitazama tu. Nimewalisha nyama miaka thelathini, na mamba huyu nimemkosa mara nne.

Bunduki zote tatu nimezijaribu. Gobore la babu yako lina moshi kama jiko la kuni mbichi, ukishapiga huoni ulichopiga, ingawa enzi zake niliangusha kiboko nalo. Ile ya mitutu miwili ni ya kanga na nguruwe wa karibu. Marisau yake kwa mamba ni sawa na kumrushia mtama. Imebaki ile kubwa ya risasi, niliyonunua mwaka pamba ilipokubali. Hiyo ilikuwa haijui kukosa. Hatua mia mbili, swala chini. Sasa inatupa pembeni, nadhani kilengeo kimepinda. Ngosha anakuja nayo na kibali cha polisi. Ipeleke kwa fundi haraka, mwanangu. Watu wanakwisha.

Baba yako,
Shimba

Nyamagana, 19 Juni 1997

Baba, shikamoo. Nawe baba mdogo unayemsomea, shikamoo. Mama namwombea magoti yapone.

Baba mdogo alifika na homa, akalala kwangu siku mbili, kwa hiyo bunduki niliipeleka peke yangu kwa fundi Venant. Alikuta kilengeo kimelegea kidogo, amekikaza. Iko sawa sasa, na baba mdogo anarudi nayo.

Ila nakuomba usikimbilie majini. Bwana nyama nimemwandikia aje na askari wake wa wanyamapori. Na mimi nakuja likizo ya Agosti, nina neno la kukwambia tukiwa wawili tu.

Mwanao,
Machibya

Busisi, 29 Juni 1997

Mwanangu,

Hatujambo, ila mamba hajangoja Agosti. Jana amemchukua mke wa Nkwabi. Bwana nyama hatujamwona hata kivuli. Neno lako litasubiri.

Bunduki ilifika, nami leo nimeipakata tangu asubuhi. Kesho kukipambazuka nashuka nayo. Ngosha atasimama kwenye mawe anionyeshe kwa mkono mamba akichomoza.

Baba yako,
Shimba

Machibya, hapa ni mimi Ngosha, baba yako hajui naongeza haya. Wiki hii alimsalimia mbuzi wangu akidhani ni mke wangu. Nilicheka, kisha sikucheka tena. Kama neno lako ni hilo ninalolidhani, usingoje Agosti. Mimi nimeshindwa kumwambia.

Busisi, 5 Julai 1997

Machibya,

Naandika kwa mkono wangu; ile ganzi ilikuwa kisingizio. Mistari ikipandana, vumilia. Aliyekuwa akiniandikia nimemuua.

Niliona kitu cheusi kimelala kwenye magugu, nikalenga, nikafyatua. Risasi ilikwenda pale pale nilipoipeleka. Alikuwa Ngosha. Alishuka kutoka kwenye mawe akainama majini kumtafuta mamba, kwa ajili yangu.

Polisi wamechukua bunduki zote, mimi wameniachia kwa dhamana. Mkuu wao aliipiga ile kubwa kwenye gogo mara mbili, akasema haina kasoro wala haijawahi kuwa nayo. Basi niambie, fundi wako alirekebisha nini?

Jibu lako siwezi kulisoma, na mama yako hakusoma. Atakayenisomea ni Odeta, mjane wa Ngosha. Amekubali. Andika ukijua hivyo.

Baba yako

Nyamagana, 9 Julai 1997

Mama mdogo Odeta, shikamoo. Najua sauti inayosoma haya ni yako. Pole haitoshi, wala sina nyingine. Nakuomba usome hadi mwisho.

Baba, shikamoo.

Fundi hakurekebisha kitu. Alibandika karatasi kwenye mti, akapiga risasi tatu, na matundu yote niliyafunika kwa kidole gumba. Kisha akaniuliza macho ya mzee yakoje. Nilielewa hapo hapo. Nilikaa na kalamu jioni nzima, nikaona aibu baba mdogo akusomee kwamba Shimba haoni. Ndipo nikaandika kile cha kilengeo. Maneno aliyoniongezea baba mdogo chini ya barua yako bila wewe kujua yalinifikia Julai sita, na barua yako ya msiba siku iliyofuata.

Karatasi ya fundi nimeikunja humu. Yapapase matundu kwa vidole, Baba.

Jumamosi nakuja na pantoni ya asubuhi. Mama mdogo, kama hutaki nikanyage Busisi, simama gatini unipe mgongo. Nitarudi na pantoni ileile.

Mwanenu,
Machibya