Beberu wa Mama na Hesabu ya Damu

Jumatatu, 3 Machi
Ofisini Kitui, mradi wa mbuzi. Nimerudia hesabu. Tena. Swali ni lile lile: mbuzi wakitofautiana uzito, kiasi gani kimetoka kwa baba na kiasi gani ni malisho? Kompyuta inasema baba ana mchango mkubwa. Siiamini. Mabeberu wachache, watoto wachache. Aliyeshika mkia ni beberu wa Mama, kule Kwa Vonza. Walioshika mkia watahasiwa.

Ijumaa, 7 Machi
Nimejua. Watoto wa beberu wa Mama wameandikwa Kibwezi, kwa wakwe wa ndugu yangu. Ni mbuzi wa mahari. Walishatajwa mbele ya wazee, kwa hivyo si wetu, ila wakwe hawajaja kuwachukua. Wanalala kwa Mama, wanakula vumbi. Waandikishaji waliuliza mbuzi ni wa nani. Hawakuuliza anakula wapi. Basi kompyuta imewalinganisha na mbuzi wa Kibwezi wanaoshiba mabua ya shamba la kunyunyiziwa maji, ikaona wembamba, ikalaumu damu. Nimecheka peke yangu kama mwehu.

Jumapili, 9 Machi
Mkubwa wangu anataka mwenye boma athibitishe kuwa mbuzi ni wa kwake ndipo abadilishe rekodi. Mama amekataa katakata. "Niseme mbuzi za watu ni zangu? Hao wa Kibwezi watatuonaje?"

Jumanne, 11 Machi
Nimewahamisha mwenyewe kwenye kompyuta, kutoka Kibwezi hadi kwa Mama, kujaribu tu. Mchango wa baba umeporomoka karibu na sifuri. Kiasi cha kukosea ni kikubwa kuliko kadirio lenyewe. Yaani hatujui. Nikampelekea mkubwa. Eti wafadhili hawalipii "hatujui". Ameacha namba ya kwanza, akafuta kiasi cha kukosea. Namchukia. Jina langu liko kwenye ripoti, chini ya lake.

Alhamisi, 13 Machi
Wamemhasi beberu wa Mama. Mama mwenyewe alishika pembe. Aliwaambia majirani wasiogope kuleta mabeberu wao, kwa sababu aliyepiga hesabu ni binti yake. Wakaleta.

Jumapili, 27 Aprili
Wakwe walishachukua mbuzi wao. Leo baada ya ibada mzee wa Kibwezi amepiga simu. Wamenenepa, anasema, hata hawatambuliki. Anaomba aazimwe beberu aliyewazaa, msimu mmoja tu.
Mama amesema atafikiria. Hakunitazama. Kisha akaenda kumpa beberu maji.