Mpira Mpya kwenye Jointi Iliyokwisha

Jumamosi, saa kumi jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na bado hayajaamua kama yawe mvua.

Nimefunga gereji mapema. Nimekaa kwenye benchi la ndani, mikono ina grisi, naandika kwa simu kwa kidole kimoja. Nisipoandika leo, kesho nitaanza kujidanganya.

Mnaonisoma mnajua kuwa mimi ni fundi wa magari hapa Mkuyuni, na kwamba ukweni hawakulipenda jambo hilo. Baba mkwe, mstaafu wa kiwanda cha pamba, aliwahi kumwambia mume wangu Deo kwamba mwanamke wa kulala chini ya magari hafai kuitwa mke. Miaka kumi na moja hakukanyaga gerejini kwangu. Na mimi miaka hiyo yote sikuwahi kuketi naye sebule moja. Kwa nyumba ile mke wa mtoto hamkabili baba mkwe. Ukiwa na neno unampa mama mkwe, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo Jumatatu, nilipomwona mama mkwe akishuka kwenye Pijo 504 ya mzee, na mzee mwenyewe kabaki kwenye usukani akitazama barabarani, niliweka spana chini.

"Baba yako anasema mbele kunagonga," mama alisema. "Anataka uangalie wewe. Jumamosi tunakwenda Magu, kuna kipaimara cha mjukuu wa dada yake."

Wewe! Alisema nitazame mimi!

Pijo ile imenizidi umri, na mzee huiosha mwenyewe, hamruhusu mtu. Niliipandisha kwenye jeki, nikaingia chini. Jointi za mbele, mbili zinazobeba magurudumu na mbili za mwisho wa tairodi, vile vyuma vya usukani, zinazoyageuza, kila moja huvaa kimpira cha kuzuia vumbi lisiingie na grisi isitoke. Vyote vinne vilikuwa vimepasuka. Ukigusa vinavunjika kama maganda ya karanga.

Kubadilisha vimpira hivyo kunataka subira tu. Unafungua nati, unagonga pembeni kwa nyundo mpaka pini iachie, unafuta ile grisi iliyochanganyika na mchanga, unapaka mpya, unavalisha mpira na kuubana kwa pete yake. Jumanne saa nne nilikuwa nimemaliza vitatu. Jointi zake zilikuwa bado zimekaza vizuri.

Ya nne, ya kulia inayobeba gurudumu, ilikuwa inacheza.

Niliishika pini kwa vidole viwili ikayumba kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Mchanga ulikuwa umeila kwa ndani miaka mingi. Jointi ya namna hiyo haivalishwi mpira, inatupwa. Siku ikichomoka barabarani, gurudumu linalala ubavu na usukani haugeuzi kitu tena.

Nilizunguka maduka ya spea mpaka miguu ikauma. Hakuna aliyekuwa nayo. Mmoja akasema ataagiza, nisubiri wiki tatu. Nikiwa narudi, mama mkwe akapiga simu kuuliza hali, na kabla sijamjibu akacheka: "Baba yako kawaambia jumuiya nzima kuwa gari inatengenezwa na mkwe wake."

Nikamwambia inakwenda vizuri.

Nilijaza grisi nzito, nyingi, ili isigonge. Nikavalisha mpira mpya mweusi unaong'aa. Ukiinama kutazama, zote nne zilifanana.

Jumatano mzee alikuja kuichukua, na safari hii alishuka. Akapita polepole, akatazama spana zangu zilivyopangwa ukutani, akasema bila kunitazama, kama hamwambii mtu: "Kazi nzuri." Maneno hayo niliyasubiri miaka kumi na moja. Yaliponifikia, nikageuka kufuta mikono.

Tangu hapo nimekuwa kama niliyefungiwa. Kumwambia yeye siwezi, maana mdomo wangu na sikio lake havijawahi kukutana. Nikimwambia mama, nimemwambia yeye. Nikimwambia Deo, atauliza kwa nini sikusema Jumanne. Kila upande niliogeukia palikuwa na ukuta. Nikajifariji: wazee hawaendeshi mbio, barabara ya Magu ni lami, jointi imevumilia miaka, haitashindwa siku mbili.

Leo asubuhi nachemsha chai, nikamuuliza Deo watoto watarudi saa ngapi kutoka kwa bibi yao, maana walikwenda kulala huko jana.

"Si wanakwenda Magu na babu?" akasema. "Mzee kasema Pijo ina nafasi."

Niliiacha chai jikoni ikichemka.

Naandika hili kwa aibu: wazee wawili peke yao hawakutosha kuniinua. Mpaka wawe wanangu.

Bodaboda ilinishusha Pasiansi, nyumbani kwa wakwe, nikakuta wameshapanda. Neema na mdogo wake Petro nyuma, katikati yao ndoo ya mchele. Mama mkwe kitenge kipya. Mzee ameshawasha. Nilisimama mbele ya gari nikaweka viganja kwenye boneti.

"Mama Neema, kuna nini?" mama mkwe akatoa kichwa dirishani.

Sikumjibu yeye. Nilimtazama mzee kupitia kioo, usoni, kwa mara ya kwanza.

"Shikamoo baba. Naomba uzime. Gari hii mbovu, na mimi nilijua."

Akazima.

Nilitoa jeki kwenye buti, nikainua upande wa kulia, nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa. Ko, ko. Mzee alikuwa amechuchumaa kando yangu. Nikasogea, naye akashika palepale niliposhika. Ko, ko.

"Si umeweka mpira mpya?"

"Mpira ni mpya, baba. Jointi yenyewe imekwisha."

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

Akainuka. Akawatazama wajukuu wake waliobandika nyuso kwenye kioo.

"Na Jumatano nikakusifu, ukanyamaza."

"Ndiyo, baba."

Akaingia ndani. Hakunifokea. Ningeshukuru kama angenifokea.

Waliondoka kwa basi, na watoto. Mimi nilibaki uani, nikafungua gurudumu na kuikalisha Pijo juu ya magogo ili asitokee wa kuiendesha. Deo alipofika akasema nilichojua atasema: "Ungeniambia mimi, ningemwambia kwa utaratibu." Labda.

Saa nane mama mkwe kapiga. Wamefika salama. Nikauliza mzee anasemaje.

"Watu wamemuuliza mbona kaja na basi. Kasema, 'Mkwe wangu kanizuia.'"

"Kasema kwa hasira, mama?"

Akafikiri. "Sijui, mwanangu. Kasema hivyo tu, akaomba maji ya kunywa."

Sijui kama nitaruhusiwa kuigusa tena Pijo ile. Huenda ataivuta kwa fundi mwingine huko Igoma. Akifanya hivyo nitamfuata huyo fundi nimweleze kila nilichofanya.

Nilidhani nikishakiri kwa mzee nitapumua. Nimekaa hapa muda mrefu na bado sijapumua, na sababu naijua. Wiki nzima nimelaumu desturi ya ukweni, kwamba ningesema kama ningeruhusiwa kusema. Lakini mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja mstaafu na Land Rover yake ya zamani. Jointi ya tairodi ya kushoto ilikuwa inacheza. Yeye alikuwa na haraka, mimi nilikuwa nimechoka. Nikavalisha mpira mpya nikamwambia iko sawa. Yule si mkwe wangu. Tulitazamana usoni, tukataniana, akanywa soda hapa hapa kwenye benchi.

Hakuna desturi iliyonizuia. Nilinyamaza mwenyewe.

Namba yake ninayo. Niliacha kuandika nikampigia. Akapokea, nikasikia injini ikinguruma nyuma ya sauti yake.

"Mwalimu, shikamoo. Ni fundi wako wa Mkuyuni. Uko wapi?"

"Marahaba. Niko njiani, nakaribia Igoma. Kuna nini?"

"Egesha pembeni, mwalimu. Hapohapo ulipo. Kuna kitu nilikuficha. Nakuja na jeki."

Nikasikia injini ikizimwa.

Naondoka.