Mfuko Chini ya Njegere

Windsor, Karolina Kaskazini
Jumanne, baada ya Jumapili ya Marejeo

Kaka yangu Tavis,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Naomba zikukute huko baharini ukiwa mzima, umelala vya kutosha, na chakula cha melini kimekuwa afadhali kuliko ulivyosema. Sisi tu wazima. Goti la Mama linamsumbua asubuhi, lakini likishapata moto anatembea. Mimi mwili hauna neno. Ni moyo tu uliochoka, na sababu nitakueleza.

Katika barua yako umeniuliza kama ule mfuko bado uko kwenye friza, ule wa nyama ya mwisho aliyoipika Baba na kukuwekea wewe. Nitakujibu, Kaka. Lakini nivumilie nianze mwanzo, maana nikikujibu kwa neno moja utanihukumu vibaya.

Unajua kwamba Mama hajagusa nyama tangu tumzike Baba mwezi wa Machi. Anakula mkate mkavu na chai, na supu nikimsimamia. Nguo zake zote zimekuwa kubwa. Sasa Jumapili ya Marejeo ilipokaribia, waliohama wakiwa tayari wameanza kupiga simu kwamba wanakuja kanisani na baadaye uani kwetu kama kawaida, Shemasi Purvis alikuja kushauri kwamba mwaka huu waagize kuku dukani, wasimchoshe mjane. Mama alikuwa anakunja mataulo. Alisema, bila kuinua kichwa, kwamba watu hawa wamekula nguruwe wa mume wake Elbert miaka yote, na hawatakuja uani kwa Elbert kula kuku wa dukani.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumsikia akitaka kitu. Nikasema nitapika mimi. Moyoni nilijiambia kwamba nyama ikitoka kama ya Baba, Mama atakula. Hilo tu ndilo nililolitaka. Wengine washibe au wasishibe, Mama ale.

Pipa la Baba la kuchomea nyama lilinikatalia mapema. Lilikuwa limekaa uani tangu majira ya baridi, mvua zote zikalinyeshea, na hakuna aliyekumbuka kulifunika, nami nikiwemo. Nilipanga kuni za hikori kama alivyokuwa akizipanga, nikawasha, na makaa hayajakolea kitako kilicholiwa na kutu kikaporomoka chote majanini. Nilisimama pale na koleo mkononi. Ningelia, lakini nyasi zilikuwa zinashika moto, ikabidi nikimbilie mpira wa maji.

Ndiyo nikaishia kwenye oveni ya Mama. Jumamosi asubuhi niliingiza mabega manne ya nguruwe, nimeyapaka chumvi, pilipili na sukari ya kahawia, moto mdogo, mlango umefungwa. Si unakumbuka Baba alivyokuwa akitufukuza, akisema nyama haipikwi kwa macho? Basi mchana akaja Shangazi Inez na kipimajoto chake kipya na mume wake mpya. Mume anaitwa Dewitt, anatoka Kansas. Ni mtu mpole ambaye huwezi kumchukia, na hilo nalo linaudhi.

Unajua bega likifika katikati hugoma. Joto lake halipandi, linakaa palepale saa nyingi, kama nyumbu wa mkokoteni aliyeona daraja. Baba alikuwa analiacha tu. Alisema nyama inafikiria. Shangazi hakuiacha ifikirie. Alifungua mlango, akachoma sindano, akasoma, akaguna. Hajakaa vizuri akafungua tena. Nilimwomba kwa adabu aache. Akaniambia, "Lenora mwanangu, mimi nilikuwa nageuza nguruwe kabla mama yako hajajua kuwasha kiberiti." Nikamwambia kila akifungua joto linatoka. Akajibu kwamba likitoka linaongezwa, ndiyo maana kuna kitufe.

Nilimpeleka Mama kwa msusi, kwa ajili ya Jumapili. Tuliporudi jikoni palikuwa na moshi, kitufe kimezungushwa mpaka mwisho, na bega la juu limekauka kama kiatu. Shangazi alikuwa anapepea na gazeti. Akasema angalau sasa nyama ina moshi.

Matatu yalisalimika. Jioni nilishika mfupa wa kila moja nikauzungusha, kama wewe na mimi tulivyokuwa tukigombania nani auchomoe, nao ukatoka mweupe na msafi kama jino la mtoto. Hapo nilifurahi kidogo. Nilinyambua kwa mikono mpaka vidole vikawaka moto, nikanyunyizia siki na pilipili, basi. Nikaonja. Ilikuwa nyama nzuri, Kaka. Haikuwa ya Baba.

Jumapili baada ya ibada nilipanga sinia mbili mezani uani, nikakimbia kwa Bi Mozelle kumsaidia kubeba skonzi ndogo alizotuokea na saladi yake ya kabichi. Hatukuchelewa hata kidogo. Tulipofika, sinia moja ilikuwa nyekundu.

Dewitt alikuwa amesimama pale na chupa kubwa ya mchuzi mtamu wa nyanya, anatabasamu. Alisema nyama ilikuwa imepauka, ilionekana kama inaumwa, akaona anisaidie. Ungemwambia nini? Kwao ndivyo wanavyoila, na alikuwa ameimwagia yote kwa mapenzi, mpaka pembeni. Lakini hapa, nyanya juu ya nguruwe! Bi Mozelle aliitazama ile sinia akauliza kwa sauti, "Nani ameumia?"

Watu waliipita kwa adabu, wameshika sahani zao kifuani, kama mtu anavyompita mbwa asiyemjua. Wote wakahamia kwenye sinia ya siki. Shemasi Purvis alijaza skonzi nne huku akiniambia kwamba nyama ya oveni bila moshi ni kama mahubiri bila amina. Nikamuuliza, shemasi, sasa hizo nne ni amina za nani? Akacheka, akachukua ya tano.

Mama alikuwa amevaa aproni ya Baba, anahudumu. Unajua Baba hakutia kitu mdomoni mpaka mtu wa mwisho uani amepata, na Mama alisimama mahali pake vilevile, akipasua skonzi na kuwapakulia watu. Kila nilipomsogezea sahani alisema, "Baadaye, mwanangu. Wageni kwanza." Foleni ilipoisha nilimwona anachukua skonzi moja, anaipasua, anainama kwenye sinia. Ilikuwa tupu. Akakwangua pembeni kwa uma, akapata siki. Akaitazama ile nyekundu, akaitazama skonzi yake, akasema si neno, hata hivyo hakuwa na njaa sana.

Alikuwa na njaa, Tavis. Niliiona usoni. Tangu Machi nilikuwa naingoja sura ile.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Nilimkasirikia Shangazi na kitufe chake, Dewitt na chupa yake, shemasi na skonzi zake tano. Nilimkasirikia hata Baba, kwa kuondoka bila kumwonyesha mtu kiasi cha kitu chochote. Ukimuuliza pilipili ngapi, anasema mpaka itoshe. Na wewe pia nilikukasirikia kidogo, kwa kuwa mbali, ingawa najua hukupenda. Nikaingia ndani, nikafungua friza, nikaondoa njegere.

Mfuko ulikuwa palepale. Ninamkumbuka Baba mwezi wa Januari, anaubana hewa kwa kiganja, anaandika jina lako kwa kalamu nene, anasema, "Huu ni wa baharia. Asiuguse mtu." Nilikumbuka pia kwamba uliposhindwa kufika kumzika, uliniapisha kwenye simu kuwa tutaula mimi na wewe, kwenye ngazi za nyuma, siku utakayorudi. Niliapa. Nami niliutunza, Kaka. Shangazi aliutaka Pasaka, nikamnyima.

Niliufungua.

Niliimwaga ile nyama kwenye sufuria ndogo na siki kidogo, moto mdogo, nikafunika. Haikuchukua muda harufu ya hikori ikajaa jikoni, na nikajua kabisa kwamba ninakuibia. Nikajaza skonzi moja nikampelekea Mama, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi zilezile za nyuma, amevua viatu. Akauma. Akaacha kutafuna. Akanitazama, shavu limejaa, kisha akafumba macho akaendelea polepole. Aliila yote. Akalamba kidole gumba, akanyoosha mkono, nikamletea ya pili.

Alipomaliza ndipo akaniuliza imetoka wapi, ingawa alijua. Nikamwambia. Alinigombeza kama mtoto wa miaka sita, kwamba mali ya mtu aliye safarini haiguswi, na kiapo ni kiapo. Nikasema ndiyo, Mama. Akainuka mwenyewe na goti lake hilo, akaenda jikoni, akairudisha iliyobaki kwenye mfuko uleule wenye jina lako, akaubana hewa kwa kiganja kama Baba, akaufukia chini ya njegere.

Hilo ndilo jibu lako. Upo, lakini imebaki ya kujaza skonzi moja, labda mbili. Nyama ikigandishwa mara ya pili hukauka, najua. Ukija tutainyunyizia siki, tutakaa kwenye ngazi, nawe utanisema kadiri upendavyo. Usinisamehe kwa barua. Njoo unisamehe umekaa hapa.

Shangazi anakusalimu. Dewitt naye anakusalimu ingawa hamjaonana. Tulimfungashia ile sinia nyekundu yote, akaondoka akishukuru kwamba tumemkumbuka. Shemasi Purvis anakuombea kila Jumatano, na Bi Mozelle ameuliza kama umeshapata mchumba. Mama anakusalimu sana. Amesimama hapa nyuma yangu, na ameniagiza nikuandikie hivi, nisibadilishe neno: baba yako alizidisha pilipili.

Amelisema hilo mdomo umejaa soseji.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja,
Lenora