Mtandao Ulioitwa KevoShiko

Jumamosi, Juni 2008. Lanet.

Baridi ya leo imeingia hadi kwenye mifupa. Jua halijaonekana tangu asubuhi, nguo nilizoanika jana bado mbichi, na mimi nimeshinda sebuleni na shuka mabegani nikigombana na laptop.

Shida yenyewe ukiisikia utacheka. Wiki mbili zilizopita nilivutiwa laini yangu ya intaneti, nikanunua na ruta, nisipange foleni tena kwenye cyber kule mjini. Lakini kila nikiwasha laptop haijiungi na ruta yangu. Inautafuta kwanza mtandao mwingine, wa zamani, inazunguka weee, inaukosa, halafu inanyamaza. Inabidi niuchague wangu mwenyewe kwa mkono na kuandika paswadi upya. Kila siku ni hivyo hivyo.

Mtandao unaotafutwa unaitwa KevoShiko.

Kevo ni kifungua mimba wa jirani yangu, mama tuliyegawana naye ukuta mmoja kwa miaka sita. Shiko ni wangu. Ruta ilikuwa ya Mama Kevo. Alikuwa akichapa na kusahihisha tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu kule Njoro, kwa hivyo intaneti ndiyo iliyokuwa jembe lake. Siku alipoiweka aliniita na laptop yangu, akasema ni ujinga watu wawili kulipia kitu kinachopita ukutani chenyewe. Akaandika majina ya watoto wetu pamoja. Paswadi ikawa chaiyasaakumi, kwa sababu saa kumi mimi nilikuwa nimetoka kufundisha, yeye amechoshwa na makosa ya wanafunzi, na chai iko tayari, kwake au kwangu.

Tulitaniana bila huruma. Alisema ugali wangu ni uji ulioshindwa kuamua. Mimi nilisema watu wa kwao wanaweza kukosa unga, lakini Kiingereza hawakosi.

Halafu uchaguzi ukaja, na Januari mji huu ukaingiwa na wazimu. Watu wa kabila lao walikuwa wakiwafukuza wa kabila letu kule kwao, wa kwetu wakawafukuza wa kwao huku. Mama Kevo na watoto wake waliondoka hapa kwa lori. Sijamwona tena, na simu yake haipatikani.

Februari nilienda mjini, uwanjani walikohifadhiwa waliofukuzwa. Kulikuwa na mama mmoja mwenye orodha. Akaniuliza namtafuta nani, nikasema Mama Kevo. Akaniangalia kwa upole, akasema kina Mama Kevo anao wengi, nimpe jina la kwenye kitambulisho.

Sikuwa nalo.

Miaka sita. Najua anatia majani ya chai mara mbili. Najua ni goti lipi linalomuuma baridi ikija. Jina lake silijui. Ndivyo tulivyozoea huku, ukishazaa jina lako linawekwa kabatini, unaitwa kwa mtoto. Hata kwenye simu yangu nimemwandika Mama Kevo, na sina shaka kwake mimi ni Mama Shiko tu. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefedheheka, na sikwenda tena.

Leo mchana nilimpigia Bwana Harish, anayeuza kompyuta mjini na ndiye aliyeniuzia ruta. Akanielekeza pole pole. Laptop inaweka orodha ya mitandao inayoikumbuka, na ile ya juu ndiyo inayotafutwa kwanza. Nifute wa zamani, niweke alama kwenye mpya ili ijiunge yenyewe, basi, kazi imekwisha.

"Futa tu, mwalimu," akasema. "Hiyo haiko tena, unaiweka ya nini?"

Nikaifungua orodha. Nikabonyeza kufuta, kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikalia kama mtoto mdogo.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Baba Shiko. Asubuhi ile ya lori, Mama Kevo alikuja mlangoni kwangu. Vijana wa kwetu walikuwa wamesimama kwenye geti wakiangalia nani anaongea na nani. Baba Shiko alikuwa Nairobi kikazi, kwa hivyo siwezi kusema kuna mtu aliyenikataza. Nilikuwa nyuma ya mlango, mkono mmoja kwenye komeo, mwingine nimemziba Shiko mdomo.

"Mama Shiko, ni mimi," alisema. "Sitaki kitu. Nimekuja tu kukuaga."

Sikufungua.

Alingoja kidogo. Kisha nikasikia ndara zake zikienda. Alijua nimo ndani, maana redio ilikuwa inaongea na maharagwe yalikuwa yananukia hadi nje. Nimejitetea miezi hii yote kwamba niliogopa, na ni kweli niliogopa. Lakini hata neno moja ningeweza kulisema kupitia mlango. Neno moja halingeniua.

Nimebonyeza hapana.

Badala yake nimeingia kwenye ruta yangu mpya, nikatoa jina ililokuja nalo, nikaandika KevoShiko. Paswadi nikaweka ile ile ya chai, herufi kwa herufi. Nikazima laptop, nikaiwasha. Kabla sijajifunika shuka vizuri, ilikuwa imeshajiunga yenyewe, bila kuniuliza chochote. Baba Shiko akirudi atataka kujua kwa nini nyumba yake inatangaza jina la mtoto wa wale watu, na safari hii nitamwambia yote.

Nilidhani ningefurahi. Lakini nimewaza kwamba kompyuta ya Mama Kevo nayo inalikumbuka jina hilo na paswadi hiyo. Popote aliko, kila akiiwasha, nayo inatutafuta na kutukosa. Huenda alishaambiwa na fundi wake afute. Huenda alifuta, na nisingemlaumu.

Saa kumi imepita na sijapika chai. Nimekaa tu naandika.

Mwenye nyumba yetu anaishi Naivasha, na ana karatasi za wapangaji wake wote. Tangu Februari nimejua jina liko kwake. Nimekuwa nikiona haya kumwomba, kwa sababu anajua tulivyokuwa, sisi wawili. Kesho baada ya kanisa nitampigia. Nitamjulia hali, nitauliza mvua za huko na wajukuu, halafu itabidi nimuulize rafiki yangu anaitwa nani.