Theta ya Bi Zuhura

Jumatano, baada ya Isha.

Hasira zimepungua, lakini aibu bado. Leo kule skuli ya Chwaka, programu yangu ya hesabu ilikataa jibu sahihi mbele ya darasa zima. Bi Zuhura, mwalimu wao, alikuwa ameandika neno "theta", jina la herufi ya Kigiriki, kwenye swali; mwanafunzi akajibu kwa kubonyeza alama θ. Programu ikaona ni vitu viwili.

"Mwanangu, mimi skuli ni Zuhura, nyumbani Kidawa," akanambia. "Nkiitwa kwa lolote naitika."

Nikakaa palepale, nikaifundisha programu kuwa neno na alama yake ni kitu kimoja. Jibu likakubaliwa.

Wakati wa kuagana akanipa chaki yake nende nikaitupe, eti sasa haihitaji tena.

Herufi nyengine sijazijaribu. Naamini zitakubali, inshallah. Lakini chaki bado iko mfukoni mwangu.